Milimita 53 au milimita 24? Kisa cha mvua moja kwenye majaruba ya chumvi Tanga

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, miaka michache nyuma, simu yangu iliita mara tatu kabla ya adhuhuri kupita. Wa kwanza alikuwa mweka hazina wa kikundi cha wavuna chumvi, jirani na shule ninayofundisha, wa pili katibu wao, wa tatu mwenyekiti mwenyewe. Wote walitaka jambo moja: "Mwalimu, kipimo cha shule kimesoma ngapi leo?" Nikawajibu sawasawa, milimita 23.6. Mweka hazina akashukuru na kukata simu. Bi Katibu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haiwezekani, mwalimu. Ndoo yangu ina hamsini na tatu."

Kikundi kile kilikuwa na watu 14 na kilikuwa kimedumu miaka tisa. Wiki ile kilikaribia kuvunjika kwa ajili ya namba mbili, na zote mbili zilisomwa na watu waaminifu. Wenyewe wameniruhusu kukieleza kisa chao, ila wakaomba majina yabaki kwao.

Majaruba yao yako kusini mwa mji, njia ya Pangani, nyuma ya mikoko. Kazi yenyewe ni ya subira. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida, yakatembezwa kutoka bwawa moja la kina kifupi hadi jingine, jua na upepo vikipunguza maji na kuacha ukali. Yakishabaki kama sehemu moja ya kumi ya yale yaliyoingia, ndipo chumvi ya kupikia huanza kutua chini. Majaruba ya mwisho, yale yanayovunwa, kwao yalikuwa matatu, kila moja mita 20 kwa 25. Mavuno mazuri hupatikana kiangazi cha baada ya masika, na mkupuo wa mwisho huvunwa kabla vuli haijachanganya. Kila anayefanya kazi hii anaijua hesabu ya mwezi wa kumi: ukivuna mapema, chumvi ni nyembamba na unakwangua pamoja na tope, ukingoja ikomae, unacheza na mawingu.

Kikundi kilikuwa na mfuko wa dharura na kanuni moja iliyoandikwa. Ikinyesha mvua kubwa, hasara inalipwa na mfuko. Isipokuwa kubwa, hasara ni ya msimamizi wa zamu, inakatwa kwenye mgawo wake, kwa kuwa inahesabiwa kwamba alizembea kutoa maji. Na mvua kubwa ni ipi? Walichukua maana inayotumiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania: inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Waliona ni kipimo cha serikali, hakina ubishi.

Mtafaruku ulianza Ijumaa. Jioni ile picha ya tahadhari iliingia kwenye kundi la simu la wanachama, imeshapita mikono mingi. Ilionekana ramani, rangi ya njano pwani ya kaskazini, na maneno "mvua kubwa, Tanga, Unguja na Pemba, Jumamosi na Jumapili". Basi. Sehemu ya chini ilikuwa imekatwa. Baadaye niliitafuta tahadhari yenyewe nikaisoma yote: ilisema maeneo machache, uwezekano wa kutokea ni wa wastani, na athari ni za wastani. Maneno hayo matatu ndiyo yaliyobeba utabiri, na ndiyo yaliyopotea njiani kwa mtu aliyetaka picha ionekane vizuri kwenye simu.

Siwalaumu kwa hofu yao. Mwaka 2019 ulikuwa haujawatoka. Oktoba ile vuli iliingia kwa kishindo, Handeni na Korogwe zikapata mafuriko yaliyoua watu na kukata barabara. Bahari ya Hindi ilikuwa na joto isivyo kawaida upande wetu na baridi upande wa Indonesia, na tofauti ya mwaka ule ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi kuwahi kupimwa. Bahari ikikaa hivyo, unyevu husukumwa kuja Afrika Mashariki. Mtu aliyeona chumvi yake yote ikirudi kuwa maji mwaka 2019 hahitaji kushawishiwa mara mbili.

Kwa hiyo usiku wa Ijumaa wakaita vibarua, wakakwangua jaruba la kwanza na la pili kwa mwanga wa tochi. Walitoa chumvi nyembamba, ya kijivujivu, iliyouzwa kwa bei ya chumvi ya mifugo. La tatu mwenyekiti alikataa liguswe. Lilikuwa limetanda vizuri, unene wa kama sentimita moja, jeupe, na mnunuzi alikuwa anakuja Jumatatu. Akasema dalili ya mvua ni mawingu, na yeye mawingu hakuyaona.

Jumamosi jua likawaka kutwa. Mchana kundi la simu likajaa lawama: wametudanganya, pesa za vibarua nani atarudisha. Mimi nilitazama upande wa Usambara nikaona mawingu yamejijenga kule juu kama kawaida ya mchana, upepo wa bahari ukiyasukuma bara. Anayeishi pwani anajua kwamba mvua yetu hapa ufukweni hupenda usiku wa manane na alfajiri, bara likishapoa na upepo ukigeuka kuelekea baharini, mawingu yakajikusanya juu ya maji na kurudi nchi kavu kabla jua halijapanda. Mwezi wa kumi, upepo wa kusi unapolegea na wa kaskazi haujafika, hali hiyo huonekana sana. Kuona jua saa nane mchana hakukuwa ushahidi wa lolote juu ya saa kumi na moja alfajiri.

Na ndivyo ilivyokuwa. Saa 11 alfajiri ya Jumapili ikaanza kunyesha. Ilishuka kwa nguvu mpaka saa 2 asubuhi, ikapungua kuwa manyunyu yenye vipindi, ikakatika saa 4 na nusu. Mjini, jamaa yangu wa Makorora alisema kwao ilidondoka tu, nguo za kwenye kamba hazikulowa sawasawa.

Sasa tuje kwenye zile namba.

Kipimamvua cha shule kiko hatua mia nne hivi kutoka kwenye majaruba, uwanjani, mbali na miti na mapaa. Mdomo wake una kipenyo cha milimita 127. Maji yanayoingia humiminwa kwenye kioo chembamba chenye alama, na kioo hicho kimefinywa makusudi: mililita 12.7 za maji, ambazo ni milimita moja ya mvua, hupanda ndani yake kiasi cha kusomeka hadi sehemu za kumi za milimita. Tunasoma saa 3 kamili asubuhi kila siku, Jumapili nikisoma mwenyewe. Saa 3 ndiyo saa inayofuatwa na vituo vya mvua nchini. Mvua iliyonyesha kutoka saa 3 ya jana hadi saa 3 ya leo ndiyo siku moja ya mvua, na kinachodondoka dakika tano baadaye ni cha siku inayofuata.

Ndoo ya Bi Katibu ilikuwa ndoo ya plastiki ya lita 20, ipo wazi nje ya banda la kuhifadhia magunia. Aliizamishia rula saa 6 mchana, akaona maji yamefika milimita 53. Hakuongeza hata tone. Nilikwenda nikaikuta vilevile, nikamwomba asiimwage.

Naomba nitoke Tanga kidogo, kwa sababu pale kando ya ndoo nilikumbuka picha alizonitumia shemeji yangu anayeishi Maryland, Marekani, Januari 2016. Kati ya tarehe 22 na 24 theluji ilianguka kule kwa wingi, na watu wakagombana kuhusu vipimo kama sisi tulivyogombana. Uwanja wa ndege wa Reagan, jirani kabisa na jiji la Washington, uliandika inchi 17.8, yaani sentimita 45 hivi. Uwanja wa Dulles, kilomita zisizofika 50 kutoka hapo, uliandika inchi 29.3, kama sentimita 74. Theluji kule hupimwa juu ya ubao mweupe uliolazwa chini. Unasimamisha rula, unasoma, unaufuta ubao, unaanza upya. Na usifanye hivyo zaidi ya mara moja kila saa sita, kwa sababu theluji hujishindilia yenyewe, na ukipima kila saa na kujumlisha utapata nyingi kuliko aliyepima kwa utaratibu. Pale Reagan ubao ulifukiwa ukapotea, wapimaji wakaendelea bila huo. New York nako, bustani ya Central Park iliandikiwa inchi 26.8, pungufu ya rekodi ya mwaka 2006 kwa sehemu moja tu ya kumi ya inchi. Baada ya uchunguzi namba ikasahihishwa kuwa 27.5, na rekodi ikavunjika kwenye karatasi, theluji yenyewe ikiwa imeshayeyuka zamani.

Lakini wenzetu hao wana kipimo cha pili ambacho sisi tulikihitaji siku ile. Kina cha theluji peke yake hakisemi ni maji kiasi gani. Kwa kukadiria tu husemwa inchi kumi za theluji ni inchi moja ya maji, ila theluji mbichi nzito yaweza kuwa tano kwa moja, na ile kavu nyepesi ishirini kwa moja au zaidi. Kwa hiyo huichukua, wakaiyeyusha, wakapima maji. Wanaacha kuuliza "imefika wapi" na kuuliza "ni kiasi gani kimeingia kupitia mdomo wa ukubwa gani".

Nikafanya hivyo na ndoo. Mdomo wake nilipima ukawa sentimita 30 kwa kipenyo, kitako sentimita 22. Tayari jibu linaonekana: ndoo ilikinga mvua kwa mdomo mpana, ikaihifadhi kwenye kitako chembamba, kwa hiyo maji yalipanda kuliko mvua iliyonyesha. Ni faida ileile ya kioo cha kipimamvua, ila pale alama zimechorwa kwa hesabu, na kwenye ndoo rula imesomwa kama ilivyo. Tukamimina maji kwenye jagi la kupimia la jikoni, yakawa mililita 2,100. Eneo la mdomo ni sentimita za mraba 707. Gawanya: sentimita 2.97. Mvua iliyoingia kwenye ndoo ile ilikuwa milimita 29.7.

Bado hazijalingana na 23.6, mweka hazina akasema, na alikuwa na haki ya kusema. Tukarudi shuleni pamoja. Ndani ya kipimamvua mlikuwa na maji mengine, yale yaliyonyesha baada ya saa 3 hadi saa 4 na nusu. Nilipoyapima mbele yao yalikuwa milimita 6.2. Ukijumlisha na za asubuhi unapata 29.8. Ndoo iliyopimwa kwa jagi na kipimamvua cha shule, hatua mia nne mbali, vimepishana kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Kusema kweli sikutarajia vikaribiane hivyo. Kupishana kwa milimita mbili au tatu kusingenishangaza.

Mvua ile basi ilikuwa milimita 30 ndani ya saa tano na nusu, na haikufika 50 kwa hesabu yoyote. Kwa kanuni yao, mfuko haulipi, na kaka msimamizi anakatwa.

Hapo ndipo nilipoona kwamba namba ikishakuwa sahihi inaweza kutumika kufanya jambo lisilo sahihi, na niliwaambia hivyo. Tuliketi Jumanne jioni chini ya mwembe wa banda, na sehemu kubwa ya mazungumzo haikuwa tena juu ya mvua bali juu ya jaruba la tatu.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Jaruba lina mita za mraba 500. Milimita 30 ni lita 15,000 za maji baridi, zimemwagwa juu ya chumvi. Lita moja ya maji hubeba chumvi kama gramu 360 kabla ya kushiba. Maji yale yakipewa muda yanaweza kuyeyusha hadi tani 5.4, na jaruba lile kwa mavuno ya kawaida lilitoa kama tani tano. Maana yake mvua isiyo "kubwa" kwa kipimo cha serikali ingeweza kumaliza jaruba zima. Milimita 50 ni mpaka uliowekwa kwa kufikiria mafuriko, barabara na nyumba za watu. Chumvi haina habari nao. Kwa mwenye jaruba, milimita 10 tayari ni lita 5,000, na ni dharura.

Msimamizi alizembea? Nilimuuliza saa kwa saa. Saa 11, mvua ilipoanza, yeye alikuwa macho na akakimbilia mlango wa maji. Lakini zilikuwa siku za bamvua. Pwani yetu, bamvua maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupanda na kushuka kwake huzidi mita 3. Saa 11 bahari ilikuwa bado imelala juu ya mlango. Angeufungua, mkondo ungeingia na majaruba yote yangekwisha. Ilibidi angoje hadi karibu saa 2 na nusu, maji ya nje yaliposhuka chini ya mlango. Mtu anayesema alizembea hajawahi kusimama pale alfajiri ya bamvua.

Kosa lilitokea saa 2 na nusu, na lilikuwa kosa la watu wawili au watatu kwa pamoja. Maji ya mvua ni mepesi kuliko maji makali ya chumvi. Yakishuka taratibu hukaa juu kama mafuta, na ukiwahi kuyatoa kwa juu unaokoa karibu chumvi yote. Lakini baada ya saa tatu za mvua nzito na upepo, tabaka lilikuwa limeshachanganyika. Kufikia hapo, chumvi iliyoyeyuka ilikuwa bado ni mali yao, imo ndani ya maji. Jaruba lingebaki limefungwa, au maji yangepigwa pampu kwenye bwawa la akiba, na siku sita hadi kumi za jua zingeirudisha sehemu kubwa. Kwa simu, msimamizi akaambiwa: "Fungua, toa maji yote." Akatii. Chumvi ikaenda baharini. Walichokuja kukwangua kilikuwa tani mbili na kidogo. Viroba 60 vya kilo 50 viliondoka na maji. Aliyetoa amri ile alikubali mwenyewe mbele ya wote, na kwa mzee wa umri wake halikuwa jambo jepesi.

Utabiri je, ulikosea? Mkoa wa Tanga una zaidi ya kilomita za mraba 26,000. Tahadhari ilisema maeneo machache ndani ya eneo hilo pamoja na visiwa, kwa uwezekano wa wastani. Jaruba moja lililopata milimita 30 haliwezi kuithibitisha wala kuikanusha, kama vile nguo kavu za Makorora zisivyoweza. Uwezekano hupimwa kwa kuhesabu: chukua siku zote zilizotajwa "wastani", tazama ni ngapi zilileta mvua kubwa, kisha linganisha na zile zilizotajwa "juu" na "mdogo". Mtu asiyeandika hawezi kuhesabu. Anabaki na kumbukumbu, nayo hukumbuka usiku wa vibarua waliolipwa bure na kusahau mara kumi utabiri ulipofuata njia yake.

Mwishowe mfuko ulilipa nusu ya hasara, nusu ikagawanywa kwa watu wote 14. Msimamizi hakukatwa peke yake. Wawili walitoka kikundini, mmoja kwa hasira, mmoja kwa sababu zake. Kanuni iliandikwa upya: mpaka wa mvua kubwa kwao sasa ni milimita 10, inasomwa kwenye kipimamvua chao wenyewe kilichonunuliwa kwa mchango na kusimikwa mita 20 kutoka kwenye banda, na yeyote anayetuma tahadhari kwenye kundi la simu sharti aitume nzima, hadi mstari wa chini.

Bi Katibu ndiye mtunza daftari. Amelichora safu tano: tarehe, utabiri ulivyosema pamoja na uwezekano wake, kipimo cha saa 3, saa ya maji kujaa, na hatua iliyochukuliwa. Ukurasa wa kwanza una siku kumi na nne zenye sifuri, kila sifuri imeandikwa kwa wino na kutiwa sahihi, kisha siku ya kumi na tano: milimita 11.4, maji kujaa saa 6 usiku, mlango ulifunguliwa saa 11 na robo alfajiri, yametolewa ya juu tu.